Maji ya Bukari na Pikipiki ya Babu

Mwezi uliopita nilirudi Kalemie, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwetu, pale nyuma ya reli. Garaji ya Papa imekuwa duka la kuchajisha simu. Mwenye duka alinipa kiti, lakini macho yangu yalikuwa kwenye sementi. Doa la mafuta bado liko palepale, jeusi, limekataa kufutika. Nilikaa nikalitazama mpaka yule kijana akaniuliza kama naumwa.

Sikuwa naumwa, rafiki yangu. Nilikuwa nasikia pikipiki ya Babu. Babu, baba yake Papa, alikuwa mtu wa reli, na pikipiki yake ilikuwa kuukuu hata wakati ule, ya silinda moja, yenye sauti nzito ya tu-tu-tu. Ikivuka daraja la Lukuga, mtaa wetu wote ulijua nani anakuja. Bibi hakuwa hata na haja ya kuangalia njia. Akiisikia tu, anateleka maji ya bukari, ule ugali wetu, na Babu akimaliza kusalimia majirani wote wa njiani, anakuta sahani mezani na sombe, majani ya muhogo, inatoa moshi.

Babu alipofariki, moteri ya pikipiki ilikuwa imekwama zamani. Papa akaapa mbele ya ndugu wote kwamba siku ya kutoa matanga, siku Bibi atakapovua nguo nyeusi, pikipiki ya mzee italia uani. Ndugu wakacheka kidogo, na Bibi akakataa kabisa.

"Mufu hasikii moteri, mwana wangu," alimwambia. "Iache ile chuma ipumuzike."

Papa hakuiacha. Kazi yake ilikuwa bandarini, kwenye mashine za meli, na kila jioni akirudi alikuwa anavua shati na kuingia garaji. Vipuri havikuwepo popote. Joanti za kuzibia mafuta alizikata kwa wembe kutoka kwenye karatasi ngumu, na pete za pistoni alizipiga tupa polepole, anapima, anapuliza, anapima tena. Sijaona tena muntu mwenye uvumilivu ule. Mimi na wadogo zangu tulikuwa tunafukuza kuku kwenye mkeka ambapo Bibi alianika ndagala, dagaa zake za kuuza sokoni, huku tunamtazama.

Kosa lake lilikuwa moja, na ni kosa la mji wa ndagala. Aliosha vyuma kwa esanse, petroli ya pikipiki, ndani ya beseni la Bibi la ndagala. Kesho yake jirani yetu, Mama wa maandazi, alirudisha ndagala alizonunua kwa Bibi mbele ya watu: "Mama, samaki zako zinataka kuwaka moto." Weee, Bibi alinuna! Akahamisha mabeseni yote chumbani kwake.

Kisha ikaja ile mvua. Jumamosi mchana Papa alikuwa ametandaza moteri nzima uani kwenye mkeka, mstari kwa mstari, kwa utaratibu alioufungulia, ili asikosee wakati wa kurudisha. Pembeni yake kulikuwa na mkeka wa ndagala. Akaitwa bandarini mara moja. Mvua ya ziwani haibishi hodi. Tulisikia tu mabati yanapigwa. Mimi nilikimbilia ndagala, maana ndizo zilizotulisha. Bibi akanivuta mkono.

"Hizo achana nazo! Lete mabakuli!"

Ni yale mabakuli yake ya kupimia sokoni. Akapiga magoti kwenye matope na nguo yake nyeusi, akatia kila mstari wa vyuma ndani ya bakuli lake, akayapanga ndani ya garaji kwa utaratibu uleule, hata boloni moja, hata nati moja, haikuchanganyika. Ndagala zikaenda na maji. Papa akarudi mbio, amelowa chapachapa, akakuta ile kazi, akachutama kuhesabu mabakuli.

"Ndagala ziko ziwani, nitanunua zingine," Bibi alisema, anakamua kitenge. "Huyu mzee hana ziwa lake."

Siku ya kutoa matanga uani palijaa. Bibi alikuwa amevaa kitenge kipya cha rangi ya chungwa, ameketi kati ya mashemeji. Papa akapiga teke, kimya. Akapiga tena, ikakohoa moshi, shemeji mmoja akaanza kutania. Jasho lilikuwa linamtiririka Papa mpaka nikamwonea huruma. Halafu ikashika: tu-tu-tu, ileile, nzito. Watu wakapiga vigelegele, Papa akageuka kumtafuta mama yake, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Tulimkuta jikoni. Alikuwa ameinama anapuliza makaa, machozi yanamtoka, na sufuria ya maji ya bukari iko motoni.

Wote wawili wamekwenda sasa, Bibi na Papa, na pikipiki yenyewe sijui iko wapi. Nje ya lile duka pikipiki mpya zinapita asubuhi mpaka jioni, masikio yanachoka. Nilizisikiliza zote. Hakuna hata moja iliyoniambia niteleke maji.