Shoka Begani

Verlin Stamper alikuwa na miaka themanini na minne, na tangu jana hakuonja kitu zaidi ya kahawa. Leo mji ulikuwa unazindua sanamu ya vijana wa kambi, wale waliochukuliwa na serikali miaka ya ukata wapande misonobari kwenye vilima vya Kentucky vilivyobaki vipara. Wenzake wote walishakufa, kwa hiyo hotuba ilikuwa yake.

Turubai likavutwa. Kijana wa shaba, kifua wazi, shoka begani. Watu wakapiga makofi. Mchongaji, ambaye sidhani kama amewahi kupasua hata kuni za kwao, akatabasamu. Verlin alilikodolea macho lile shoka.

Kambini shoka lilibebwa mkononi, makali yakitazama chini. Msimamizi aliwaimbia hilo kila asubuhi. Lakini Verlin wa wakati ule alipenda kujionyesha. Siku moja ya mvua aliteleza mteremkoni, shoka likamtoka begani na kumpata shingoni rafiki yake Oakley Combs, aliyekuwa nyuma, akafa pale pale. Hakuna mwingine aliyeona. Msimamizi alipofika mbio, Verlin alisema Oakley ameangukia shoka lake mwenyewe. Uongo ule ukaandikwa, ukapelekwa kwa mama yake Oakley.

"Muone," alinong'ona Irma, mdogo wake Oakley, aliyekaa pembeni yake amemshika mkono. "Kama kaka yangu vile. Mbishi, shoka begani."

"Nani kakwambia alilibeba begani?"

"Si barua ya kambi? Uzembe wake mwenyewe, waliandika. Mama aliondoka duniani bado kamkasirikia. Hata picha yake aliigeuzia ukutani." Akamfinya mkono. "Bahati tulikuwa na wewe. Krismasi hata moja hukutusahau."

Verlin alimgeukia. "Irma, lile shoka lilikuwa langu."

"Ulimwazima?"

"Nililibeba mimi. Begani. Nikateleza, likampata. Halafu nikadanganya."

Irma aliutoa mkono wake taratibu, akauweka juu ya mkoba. Jukwaani jina la Verlin likaitwa.

"Nenda," alisema Irma bila kumtazama. "Kawaambie na hao. Na Krismasi usije."

Alipanda ngazi akishikilia ukingo. Hotuba aliyoiandika aliiacha mfukoni.

"Aliyebeba shoka hivi nilikuwa mimi," alisema. "Oakley Combs hakuwa mzembe."

Watu walianza kupiga makofi, wakaacha. Irma alisimama, mkoba kifuani, akasikiliza mpaka mwisho.