Maji ya Udhu ya Ayeeyo Ilwad

Joto la Kotile nyinyi mnalisikia tu. Mimi nilikaa huko wiki moja nikaona kuku akitaga yai lililokwisha chemka, nikalimenya nikalila. Asiyeamini aende akamuulize kuku. Na Syombua, mtoto wa dada yangu, ameishi huko huko miaka, nyuma ya Kotile, mbali na mto, kwa sababu mumewe Kitheka alipelekwa kufundisha shule ya msingi na yeye akapata kazi ya kuwapikia watoto uji. Mkaidi huyo! Akiwa mdogo alishindana na punda kusimama juani, na punda ndiye aliyeondoka kutafuta kivuli.

Hapo nimetania. Yanayofuata siyatii chumvi, maana yana damu ndani yake.

Wakristo wa kijiji kile walikuwa sita, wote wageni waliofuata kazi. Katekista aliwafikia kutoka Garissa mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Siku moja akawaambia, "Msiningoje mimi ndipo muwe Wakristo. Kila mtu achague jambo moja dogo, amfanyie Mungu kila siku, hata siku asiyotaka. Hasa siku asiyotaka."

Syombua akachagua maji. Jirani yake alikuwa Ilwad, mwanamke mzee wa Kisomali, kipofu, ambaye kijiji kizima kilimwita Ayeeyo, yaani nyanya. Aliyekuwa akimtekea maji ni mjukuu wake Ayanle, mwanamume mwenye ndevu zake, lakini Ayanle alikuwa ameondoka bila kuaga na hakuna aliyejua alikokwenda. Basi Syombua akamwahidi Mungu: kila alfajiri jerikeni moja kwa Ayeeyo, apate maji ya udhu kabla ya kuswali. Adhana ndiyo iliyokuwa saa yake. Ikilia, anaamka, anapiga magoti, anasali Baba Yetu, anakwenda kwenye tangi la kijiji. Akirudi, Ayeeyo amekaa mlangoni anamngoja na maneno yake.

"Mama Mwalimu, leo umechelewa. Mungu yako ililala?"

"Hakulala, Ayeeyo. Nilikuwa namsimulia habari zako."

"Ambia yeye nataka macho."

"Nimemwambia. Anasema ukipewa macho utaona ulivyozeeka, utalia."

Mzee anacheka mpaka anakohoa, kisha ananawa, anasema na Mola wake. Ikawa hivyo mwaka mzima, wala hakuna aliyemvuta mwenzake upande wake.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, Kitheka akapanda gari la kuja Garissa. Watu wenye bunduki wakalisimamisha msituni, wakiwatafuta wasio Waislamu. Dereva, Muislamu jina lake Dubow, akawaambia abiria wote ni ndugu zake, hakuna mgeni humo. Akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, akatema meno mawili, akarudia vile vile kuwa wote ni ndugu zake. Haikusaidia. Kitheka na wenzake wawili wakaamriwa walale chini, na hawakuinuka tena. Tulimzika kwao Mwingi. Jeneza halikufunguliwa.

Baada ya matanga nikamwambia Syombua, "Kule usirudi."

"Mama mdogo, Ayeeyo atatekewa maji na nani?"

"Na watu wake! Si wamejaa huko?"

"Ahadi sikuwaahidi watu wake."

Nikamwita mpumbavu, na sikumwita kwa utani. Akarudi. Alipofika, wale Wakristo wengine walikuwa wameomba uhamisho, wameondoka. Hata mzigo hajaufungua, Khadijo, muuza maziwa, akaja kumpa pole. Akalia naye kwanza, halafu akasema, "Afadhali uyasikie kwangu. Dubow anasema mmoja wa wale wenye bunduki alikuwa na sauti ya Ayanle. Uso ulifunikwa. Ni sauti tu. Mungu ndiye ajuaye."

Kesho yake adhana ikalia. Syombua akapiga magoti, akaanza Baba Yetu, na alipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, ulimi ukaparuka kama mbuzi anavyoruka mtaro, ukatua upande wa pili. Akachukua jerikeni akaenda. Na hivyo ndivyo alivyosali miezi saba. Nilipomkanya kwa simu akanijibu, "Nikisema nimemsamehe nitakuwa namdanganya Mungu hata chai sijanywa. Maji nampelekea bibi yake. Hayo ndiyo ninayoweza."

Ayeeyo naye alikuwa amezisikia habari zile. Utani ukaisha. Jerikeni inawekwa mlangoni, huyu anasema asante, yule anasema karibu, basi.

Halafu siku moja Syombua akawahi kidogo. Ayeeyo alikuwa bado ndani, analia huku anaomba kwa Kisomali, na Syombua kwa miaka ile alikuwa amekijua Kisomali vya kutosha. "Ya Rabbi, nilindie Ayanle wangu. Nirudishie akiwa mzima." Neno hilo, mzima, likamwingia kama mwiba wa mgunga. Wake alirudishwa ndani ya sanduku. Akaweka maji chini taratibu, akaondoka bila kubisha.

Alfajiri iliyofuata adhana ikalia, na Syombua akajifunika shuka kichwani. Hakusali. Hakwenda tangini. Moyoni alijiambia hamuui mtu: Ayeeyo ana mchanga. Alikuwa amemwona wakati wa kiangazi, tangi likiwa tupu, akipiga viganja vyake kwenye mchanga safi na kupaka uso na mikono, swala ikafaa kwa sheria yao. Basi leo atumie mchanga. Asichokijua Syombua ni kwamba mchanga unakubaliwa kwa aliyekosa maji, na wiki ile tangi lilikuwa limejaa.

Ayeeyo alingoja. Alipoona alfajiri inampita akachukua birika lake, akashika ua wa miiba, akaufuata kwa kupapasa mpaka tangini, viganja vikichomwa. Pale penye saruji iliyolowa akateleza. Wanaume walikuwa msikitini, upande wa pili wa kijiji, hawakumsikia. Jua lilikuwa limeshapanda Syombua alipokuja kuteka maji yake mwenyewe, akamkuta amelala ubavu, nyonga imevunjika, mikono ina damu, birika bado ameling'ang'ania.

"Ayeeyo! Kwa nini hukutumia mchanga?"

"Mchanga ni ya mtu amekosa maji," akasema, meno yakigongana. "Maji iko. Mimi nimekosa wewe."

Walimpakia kwenye mkokoteni wa punda mpaka Kotile, kisha gari mpaka hospitali hapa Garissa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea uji, kwa hiyo niliyoyaona wodini nimeyaona. Daktari alitueleza kuhusu mifupa ya watu wa umri ule, na akiwa anaeleza alikuwa akitazama viatu vyake. Tukaelewa.

Syombua akapiga magoti kando ya kitanda. "Ayeeyo, sikuwa mgonjwa siku ile. Nilibaki kitandani makusudi. Nilikusikia ukimwombea Ayanle."

"Najua. Ningekuwa mimi, ningeacha kuleta siku ya kwanza."

"Nisamehe."

"Nimesamehe." Akavuta pumzi, kila pumzi ikimuuma. Halafu akageuza yale macho yake meupe upande wa Syombua. "Na ile yangu? Ile kijana yangu?"

Nilitaka kumwambia aache, asimbane mjane wa watu. Muuguzi alipita kitanda kwa kitanda, akamaliza wodi nzima, na Syombua bado yuko magotini. Jasho lilikuwa likimdondoka kwenye shuka la hospitali.

"Kwa leo, ndiyo," akasema mwishowe. "Kesho uniulize tena."

"Na kesho ukisema habana?"

"Uniulize tena mchana."

Ayeeyo akaishi siku tisa. Kila asubuhi, kabla ya dawa, alimuuliza. Siku ya tatu Syombua alisema, "Bado," na mzee akasukuma kikombe cha chai, akasema atakunywa akijibiwa vizuri. Chai ikaganda utando. Saa sita mchana akainywa baridi. Siku ya tisa sauti ilikuwa imekwisha, akamfinya kidole tu, na Syombua akajua ameulizwa, akajibu. Siku ya kumi tukakuta godoro limekunjwa.

Ayanle hajaonekana mpaka leo. Kama sauti ile ilikuwa yake au haikuwa yake, hakuna atakayetuambia, na Syombua ameacha kungoja kuambiwa.

Wanangu, nyinyi mnaosimama kanisani mkitaja mwaka na mwezi mliookoka, hongereni, na Mungu awadumishe. Syombua yeye huokoka kila alfajiri, na kwa shida. Usimwambie Mungu utampenda adui yako maisha yako yote. Maisha yako yote ni mzigo mkubwa, utakulemea hata kabla hujafika mlangoni. Mwambie leo. Ukishindwa, mwambie mchana. Ukianguka kabisa kama alivyoanguka yule mtoto wangu, na mwingine akavunjika kwa ajili yako, usibaki chini ya shuka. Nenda ukapige magoti uaibike.

Yuko huko huko bado, Mkristo peke yake kijijini. Adhana ikilia anaamka, anasali Baba Yetu yote bila kuruka, na pale anapofika kwa waliotukosea anasimama, anajiuliza kama alivyokuwa akiulizwa. Asubuhi nyingi jibu ni ndiyo. Zipo asubuhi linakuja hapana, na siku hizo watoto wa shule hunywa uji kwa kuchelewa, kwa sababu mpishi hainuki sakafuni mpaka jibu ligeuke.