Kinyongo cha Mzee Righa

Nakumbuka asubuhi moja pale Voi, mwanangu, miaka ya themanini ikiwa bado michanga, daktari mkuu aliponiita ofisini na kuniambia nimechaguliwa kwenda Nairobi kusomea upigaji picha wa hali ya juu. Wakati huo nilikuwa nimeshafanya kazi ya eksirei miaka kadhaa, nina mume, nina watoto wawili, na sikudhani kwamba darasa lingeniona tena. Nilikuwa naenda kujifunza altrasaundi, ile mashine inayoona ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, ambayo sisi tulikuwa tukiisikia tu. Nafasi ilikuwa moja. Nilitoka pale nikicheka peke yangu kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Furaha hiyo haikufika saa ya chai. Idara yetu ilikuwa na watu wawili tu, mimi na Mzee Righa, aliyenipokea nikiwa mbichi kutoka chuoni akanifundisha kazi. Yeye ndiye aliyekuwa akiiomba nafasi hiyo miaka yote. Daktari aliniteua mimi kwa sababu bado nilikuwa na miaka mingi ya kutumika, na mzee alikuwa anakaribia kustaafu. Alinipa mkono, akasema hongera, kisha akanyamaza. Na yule mzee alijua kunyamaza.

Wewe uliyeifuata kazi yangu umezoea picha kutokea kwenye kompyuta, kwa hiyo nikueleze kidogo. Siku zetu filamu ilisafishwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza, taa ni moja nyekundu, na watu wawili wakiwa humo wanagusana viwiko. Humo ndimo tulimopigia soga: simba amechukua ng'ombe wa nani kule Ndara, nani ameposa, nani amekataliwa. Sasa nikawa nasikia maji yakidondoka tu. Nikaanza kumfanyia mambo madogo madogo, namvutia kiti, namletea chai kabla hajaitaka. Alipokea bila neno.

Jumamosi nikapanda Sagalla, kwetu mlimani, kumuaga mama. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa hasa, lakini nilipomsimulia aliweka sufuria chini, akaniuliza kama yule mzee ana kitu moyoni. Nikasema labda anacho, kitamtoka. Akasema hakitoki chenyewe. Wazee wa milima yetu wana jambo wanaloliita kutasa: mwenye hasira anaitamka mbele ya aliyemkasirisha, kisha anajaza kinywaji mdomoni, anakipuliza chini na kumtakia mwenziwe heri. Nilimwambia mama kwamba sisi ni Wakristo, na Mzee Righa ni mtu wa hospitali. Akanitazama kama mtoto aliyesema upuzi.

"Kanisa halijakataza mtu kutoa kinyongo," akasema. "Mimi sitaiombea safari yako mpaka yeye aongee."

Niliogopa kweli. Niliyataka masomo yale kuliko kitu chochote, na nilihofu kwamba nikimfungua mzee mdomo atasema neno nitakalolibeba hadi Nairobi, nishindwe hata kushika kalamu. Hata hivyo Jumatatu, tukiwa ndani ya chumba cha giza ambamo nyuso hazionekani vizuri, nilimuuliza kama ana hasira na mimi. Aliendelea kutikisa filamu ndani ya maji.

"Ninayo," akasema. "Tena kubwa. Hiyo nafasi nimeiomba wewe ukiwa bado shule. Lakini hasira hiyo ni ya daktari, si yako. Yako ni hii: tangu juzi unanivutia kiti. Unanihurumia, Wakesho, kama mimi ni mgonjwa wako. Hiyo ndiyo imenichoma."

Sikujitetea. Nilimwambia nimemsikia. Nilikuwa nimeumia, maana alikuwa amesema kweli tupu.

Tulipotoka alienda moja kwa moja kwenye pipa. Mwaka ule mifereji ya Voi ilikuwa mikavu, na maji ya pipa lile yalikuwa ya kuoshea filamu peke yake. Hakuna aliyeruhusiwa hata kunawa, na mkali wa sheria hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Akachota kikombe, akajaza mdomo, akayapuliza maji chini mbele ya mlango, wagonjwa kwenye benchi wakitazama. Wale wazee miongoni mwao waliinamisha vichwa, kwa kuwa walijua wanachokiona.

"Hasira yangu imetoka," akasema. "Enda usome. Kichwa chako kiwe chepesi, na watoto wako wasiugue nyuma yako. Ukirudi utanifundisha yote, usibakishe."

Nililia pale pale wala sikuona haya. Nairobi nilisoma vizuri na usiku nikalala. Niliporudi, na mashine ikafika, Mzee Righa alivaa miwani yake akawa mwanafunzi wangu, akiuliza na kuuliza mpaka nikachoka. Siku alipomwonyesha mama mmoja wa Rukanga moyo wa mtoto wake ukidunda tumboni, aligeuka akaniita mwalimu mbele ya watu wote.

Mwanangu, nimesikia nawe umepata nafasi ya kusomea shahada ya pili, mashine za siku hizi ambazo mimi hata majina yake siyajui. Nenda. Usiseme umri umepita wala kazi imekubana. Lakini kabla hujafunga mizigo, mtafute yule mwenzako wa kazini uliyeniambia ameacha kukusalimia. Usimbembeleze kwa chai wala kwa zawadi. Muulize ana nini, kisha unyamaze hadi amalize, hata kama anayoyasema yanakuchoma. Na ukirudi, unachokijua wewe akijue na yeye.

Mungu akupe macho ya kuona yaliyofichika, na mikono ya upole kwa wote watakaolala mbele ya mashine yako. Watoto unaowaacha uwakute wamenenepa. Mimi kwako sina kinyongo chochote. Nenda, mwanangu, na urudi.