Kwa Eli, aliyehesabu leseni zetu akiwa juu ya robota la vitenge

Akili bado inakataa. Jana nimefungua simu nimuulize Eli jambo la seva, nikaandika na salamu kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba nimetoka msibani kwake.

Kwa wasiomjua: Elisante alikuwa fundi wa mifumo ya kompyuta hapa Kariakoo. Maduka mengi ya jumla mtaani kwetu yalimpigia yeye kabla ya kununua hata waya.

Nilimfahamu nikiwa mgeni kazini, duka la vitenge la Mama Aika. Mama alitaka watu wa stoo ya Buguruni waingie kwenye database ya Kariakoo wakiwa hukohuko, remote. Kuchagua leseni za seva nikaachiwa mimi, na nilikuwa bado kwenye probation, miezi ya majaribio. Nikikosea, narudi kwetu Mtwara.

Leseni zilikuwa za aina mbili: unalipia kila mtu anayeingia, au kila kifaa. Nikachukua orodha ya wafanyakazi, nikahesabu vichwa, nikaona nimemaliza. Eli akaniuliza kama nimewahi kukaa dukani siku nzima.

Sikuwahi. Basi akaja Ijumaa asubuhi, akakalia robota la vitenge, daftari mapajani, mpaka tunafunga. Wateja walimuuliza bei naye akawajibu. Aliuza doti mbili siku ile.

Adhuhuri wenzetu walipoenda msikitini, wauzaji wa kikristo, akina Neema, wakahamia kwenye kompyuta za waliotoka bila hata kubadili jina la kuingilia. Jumapili mambo yanageuka, wa kanisani wanaondoka na wa msikitini wanahamia.

“Dada Somoe,” akaniambia, “hapa watu wanazunguka, mashine zimekaa. Nunua za mashine.”

Alikuwa mbishi jamani! Ukimtajia leseni za wizi, anafunga begi anaondoka. Siku moja alinivuta hadi Feri kununua samaki, akabishana na mnada mzima, tukarudi na dagaa.

Sasa niseme nililolificha. Chini ya hesabu yake Eli aliandika kwamba tuongeze leseni za simu za watakaopanda Moshi Desemba, Wachaga wanaporudi kwao kula sikukuu. Mimi niliona zitamtisha Mama, nikaziondoa kimya kimya. Nilitaka nionekane najua kubana matumizi.

Desemba ikafika. Mama akaenda kwao Marangu na dada zake wawili, wabia wake, kila mmoja na simu yake, wote wakitaka kuona mauzo ya sikukuu. Mfumo ukawakatalia.

Mama akanipigia kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni mbaya kuliko kelele. Probation yangu ilikuwa inaisha mwezi huohuo. Nikaanza kupanga nguo kwenye begi.

Januari akarudi, akanipa mkataba. Habari ya Desemba hakuigusa. Eli akatuongezea leseni zilizopungua, kazi ikaendelea, na mimi miaka yote sita nikajua nina bahati tu.

Jana msibani Mama alikuja kukaa nami mkekani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanisimulia. Krismasi ile Eli naye alikuwa kwao Kilema, jirani tu na Marangu. Aliposikia mfumo umewakatalia, alimfuata Mama nyumbani, hata kiti akakikataa.

“Mama, Somoe alihesabu sawasawa,” alimwambia. “Aliyesahau Desemba ni mimi.”

Mama akamuuliza ni Mchaga gani anayesahau Desemba. Eli akacheka, ndipo akakubali kukaa, akaletewa mbege, pombe yao ya ndizi.

“Nilijua ni uongo,” Mama akaniambia. “Lakini Eli hakuwa mtu wa kusema uongo kumtetea mtu hovyo. Nikakuacha kazini.”

Kaka, tumekunywa chai ya tangawizi pamoja miaka sita. Wewe uliyetania kila kitu, mpaka viatu vyangu, hilo hukunitania hata mara moja. Nimelia, halafu nimejikuta natabasamu peke yangu, maana ni wewe kabisa.

Naandika haya nikiwa kwenye gari la nyuma la msafara wako wa mazishi. Ni mara yangu ya kwanza kupanda Moshi, na ninafurahi kwamba nakuja kwenu, hata kama ni kwa safari hii.

Nikifika Kilema nitamwamkia mama yako, nitakaa naye, nimwambie ukweli: mwanao hakusahau Desemba. Ni mimi niliyeifuta.

Asante kwa kazi yangu, Eli. Ulale salama, kaka.