Muuguzi Aliyetuuliza Wenyewe

Habari ya msiba ilinifikia Jumanne nikichambua maharage: muuguzi mstaafu aliyehudumia wanawake wa Lushoto kwa miaka mingi amefariki. Jana tulimzika kwenye mvua, juu ya mteremko wenye utelezi. Nimerudi nimechoka, wasomaji wangu, na uchovu huu si wa mlima peke yake.

Nilimjua nilipokuwa mwalimu mwenye hedhi isiyokwisha. Nilifundisha nimefunga kitenge juu ya sketi, nikiogopa kugeukia ubao. Siku niliyomwendea nilisema, "Shikamoo, mama. Nitoeni kizazi hiki, nipumzike." "Marahaba," akaitikia, akanipima wingi wa damu kwanza, ndipo akanieleza. Kitanzi chenye homoni huwekwa ndani ya kizazi. Miezi ya mwanzo damu huweza kutoka ovyo, kisha kwa wengi hupungua sana, na ukikichoka kinatolewa. Upasuaji wa kutoa kizazi humaliza hedhi kabisa, lakini huzai tena, na kwa wiki kadhaa hubebi mzigo. "Daktari atasema kipi kinakufaa," aliniambia. "Ila hebu niambie, mwanangu, unataka kupasuliwa, au unataka kulala?" Nikalia. Nikachagua kitanzi, na taratibu damu ikapungua.

Chumba cha kliniki kilikuwa kimoja, kwa hiyo nilimsikia pia mama mmoja wa Vuga, aliyekuja na mumewe. Vidonge na kitanzi alishajaribu, havikumsaidia. Mume akadakia, "Akitolewa kizazi atakuwa mwanamke gani?" Muuguzi akamjibu kwa upole, "Baba, nakuheshimu. Lakini shuka anafua yeye." Akamgeukia mama: "Wewe unasemaje?" Mama alinyamaza mpaka tukadhani hatajibu. "Nataka nilime bila kizunguzungu," akasema. Alipasuliwa, akapona. Jana alikuwa miongoni mwa waliobeba kuni za msiba.

Kinachonichosha ni kwamba bado tuko palepale. Jana hiyohiyo binti wa jirani alininong'oneza kwamba hubadilisha kitambaa kila saa, na shangazi yake amemwambia ndivyo wanawake tulivyoumbwa. Sivyo. Damu inayokulaza kitandani ni ugonjwa. Ina tiba zaidi ya moja, na iliyomfaa jirani si lazima ikufae wewe. Nimemwambia Alhamisi ijayo tutakwenda hospitali pamoja. Muuguzi wetu hayupo. Kazi ya kuuliza, na kungoja jibu hata likichelewa, sasa ni yetu.