Mtoto Mmoja Aliyekuwa Wawili Kwenye Kompyuta

Kazi yangu ni dirisha la mapokezi la hospitali moja kusini mwa Pemba. Mgonjwa anafika, namuuliza jina lake, la baba na la babu, shehia anayotoka na mwaka aliozaliwa, naingiza kwenye kompyuta, kisha anakwenda kwa daktari. Nilikomea kidato cha pili. Kwa hiyo nitakayoyasema juu ya kompyuta ni yale niliyoelezwa, na pengine mengine sikuyaelewa sawasawa.

Zamani kompyuta ya mapokezi haikujua lolote la maabara. Majibu yalikuja kwa mkono, na mengine yalipotea njiani bila ya mtu kujua yamepotelea wapi. Wakubwa wakasema mifumo isomane. Akaletwa fundi kutoka Unguja, mwanamke wa makamo, mpole, aliyependa kucheka lafudhi yetu lakini si kwa ubaya.

Fundi hakuja kutunga kitu kipya. Alikuja na violezo vilivyokwisha kutengenezwa, vinavyotumika hospitali nyingi, kila kimoja na kazi yake: cha kupeleka ombi la kipimo maabara, cha kurudisha majibu, na cha kuamua kama mgonjwa wa huku na mgonjwa wa kule ni mtu mmoja. Aliniambia ni kama suruali ya dukani, ishashonwa, wewe unakunja pindo tu. Nikamuuliza, na ikibana je? Akasema ikibana tutaipanua.

Hicho kiolezo cha tatu ndicho kilichonishughulisha baadaye. Kinatazama jina, baba, babu, jinsia, mwaka na shehia. Vikilingana kinaunganisha. Jina la kwanza likiwa jingine kabisa, kinamfungua mtu mpya. Nimelifikiria hilo mara nyingi na naona kiko sawa. Huku kwetu ndugu wawili huzaliwa kwa kufuatana, baba mmoja, babu mmoja, shehia moja, na pengine aliyewaandikisha kakisia miaka yao. Linalowatenga ni jina la kwanza tu. Kiolezo kikilegea hapo, mtoto atapewa dawa ya nduguye.

Wakati wa kupanga, fundi alituuliza sote kama kuna jambo la hapa anapaswa kulijua. Tukamwambia ya umeme kukatika na mtandao kusuasua. La majina hakuna aliyelitaja, na sijui kama lingetujia akilini, maana kwetu si jambo la kuripotiwa. Mtoto akiuguaugua, watu husema jina limemwelemea. Anabadilishwa, anapewa jepesi zaidi, na lile la kwanza halitamkwi tena mbele yake, ugonjwa usije ukasikia ukadhani unaitwa. Wapo wasioamini. Wapo wasioamini na bado wanabadilisha.

Basi asubuhi moja alikuja mama kutoka Kisiwa Panza na mtoto wa kiume amempakata, wa umri wa kuanza chuo cha Kurani. Mama mkwe wake alikuja nao, akakaa kwenye benchi la ukutani. Mama akanipa jina la mtoto, nikatafuta, hayumo, nikamwandikisha. Akaingia kwa daktari. Hakukawia, akarudi dirishani.

"Daktari kasema hakuna majibu."

"Majibu ya nini?"

"Ya damu. Ilipelekwa kule kwenye maabara kubwa. Huyu akiumwa, vidole vinavimba, analia mpaka sauti inamkauka. Daktari asema pengine ni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ataka kumwanzishia dawa ya kila siku, lakini haanzi mpaka ayaone majibu."

Nilipiga simu maabara. Wakasema majibu ya watoto wote waliochotwa damu siku ile yamekwisha kurudishwa. Nikamwita fundi, ambaye siku hizo alikuwa bado yupo akiangalia kazi yake inakwendaje. Akatazama kompyuta yangu kwa muda.

"Huyu mtoto hajawahi kupimwa," akasema. "Kafunguliwa leo."

"Hajapimwa?" Mama aliinua mkono wa mtoto. "Kachomwa sindano hapa, mkono ukafura kama andazi, weye wasema hajapimwa?"

"Ulimleta wewe siku hiyo?"

"Mie nilikuwa ndani ya arubaini, nina kichanga. Alimleta bibi yake."

Fundi hakuona lolote la ajabu katika jibu hilo. Mimi niliona, na mama naye aliona, kwa sababu aligeuka polepole kulitazama lile benchi.

"Mama, ulipomleta ulisema jina gani dirishani?" akamuuliza mkwewe.

"Nilisema jina la mtoto."

"Lipi?"

"Mie nalijua moja tu."

Watu wa kwenye benchi walicheka. Bibi hakucheka. Siku ile dirishani alikuwa mwenzangu, na hata ningekuwa mimi ningeandika vilevile, maana bibi akitaja jina la mjukuu wake huna sababu ya kubisha.

Fundi alipoelezwa desturi ya kubadili jina, alisema dawa yake ni nyepesi. Wapo watoto wawili kwenye mfumo, na anaweza kuwaunganisha wakawa mmoja. Lakini lazima atajiwe lile jina la mwanzo. "Siwezi kubahatisha majibu ya damu," akasema.

"Lile silisemi," mama akasema.

"Uandike basi."

"Wala siandiki. Toka tumembadilisha, vipindi vyake vya maumivu vimepungua. Mwataka nimrejeshee?"

Daktari alitoka akasikiliza. Hakumkejeli, na hilo naliandika kwa sababu wengine wangemkejeli. Alisema inawezekana kuchota tena, ipelekwe, wasubiri upya. Mama akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Damu yenyewe anayo ngapi, hata ichotwe kila mara?"

Bila ya majibu daktari hawezi kuanza dawa, na simlaumu. Mama hawezi kutamka, na yeye pia sikuweza kumlaumu. Mtoto alikuwa akivuta kamba ya barakoa ya daktari.

Ndipo bibi akasema kutoka kwenye benchi, "Mie nalisema. Mie halinitishi."

"Si mbele yake!" Mama alishasimama, mtoto begani. "Nakwenda naye getini. Mseme upesi, na msipaze sauti."

"Nenda mpaka Wete kabisa," bibi akamwambia, "upepo usije ukakuletea!"

Watu wakacheka tena. Mama alikwenda bila ya kugeuka, mtoto akitupungia mkono kwa nyuma yake.

Bibi alikuja dirishani akainama, akalitaja jina kwa sauti ya chini, chini kuliko nilivyotarajia. Lilikuwa jina la marehemu mumewe. Alituambia hivyo bila ya kuulizwa, na kwamba marehemu alilibeba mpaka akazeeka na hakuugua ila ugonjwa uliomuua.

Fundi akalipata. Baba yuleyule, babu yuleyule, shehia ileile, mwaka uleule. Kisha akasita.

"Inaniuliza jina lipi likae juu," akasema. "La juu ndilo mtakaloita dirishani, na ndilo litakaloandikwa kwenye dawa. La pili linakaa chini kama jina la zamani. Nafasi hii ilikuwamo kwenye kiolezo toka mwanzo. Niliifunga, nilidhani hamna kazi nayo."

Akanitazama. Mimi niliona haki ni ya mama, lakini mama alikuwa getini kwa sababu hakutaka kusikia, na aliyetuletea jina ni huyu aliyesimama hapa. Sikusema kitu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa busara au woga.

"Hilo la chini," bibi akauliza, "litafutwa lini?"

"Halifutwi, Bi. Mfumo hauruhusu."

"Hata mama yake akitaka?"

"Hata mimi nikitaka."

Bibi akakaza kanga yake kichwani. "Kumbe," akasema. Halafu, "Basi weka la mama yake juu."

Fundi akabonyeza. Nikatoka mpaka barazani, nikaita kuelekea getini jina jipya, na mama akarudi, akapita moja kwa moja kwa daktari. Walikaa ndani sana. Alipotoka alikuwa na karatasi ya dawa, na mtoto kalala. Sikuyaona majibu wala si kazi yangu kuyaona, lakini aliniambia mwenyewe: ndiyo, ni selimundu, kama daktari alivyodhani, na dawa inaanza leo.

Kisha akauliza, "Lile mmeliondoa?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Bibi alikuwa akitazama feni.

"Halijaondoka," nikasema. "Limekaa chini. Haliitwi."

"Nani atakayeliona?"

"Daktari, na mimi nikimfungua."

"Na weye hutolisema."

"Sitolisema."

Alinitazama, sikujua kama ananiamini. Akamtazama na mkwewe, na yule akaendelea na feni yake. Nilidhani atakasirika, atataka tuwatenganishe tena wale watoto wawili, na nilikuwa sina la kumjibu, maana majibu yangeondoka pamoja na jina. Alimpandisha mtoto begani, akaikunjua ile karatasi.

"Dawa hii anywe kabla ya kula au baada?"

Nikamwambia hilo silijui, akaulize dirisha la dawa, la pili kushoto. Akaenda. Bibi akainama chini ya benchi akaokota makubadhi ya mtoto, akamfuata.