Dubwana la Sebuleni

Kisirani hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na baba mkwe wake wiki ile ile alipoolewa, kwa sababu siku alipoingia katika nyumba ile ndiyo siku kiwanda cha saruji kilipomnyima mzee cheo alichokingojea kwa miaka. "Huyu ameingia na kisirani chake," mzee akasema mbele ya wageni, na wageni, kwa ubaya wa wageni, wakacheka. Jina likanata. Hata muuza duka wa jirani alimwita hivyo, tena kwa heshima zote: "Karibu, dada Kisirani, leo mkate upo."

Mzee alikuwa mnyapara wa kiwanda hicho, na alipostaafu unyapara haukustaafu naye. Watu waliendelea kumwita Mnyapara, naye aliendelea kuamrisha, ila sasa aliamrisha kwa kukohoa. Kikohozi kifupi maana yake chai. Kikohozi kirefu, redio ipunguzwe. Na kabla ya kumtukana mtu alisafisha koo polepole, kwa raha zake, mpaka nyumba nzima ikaacha ilichokuwa ikifanya. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la saruji na daktari alishasema halitatoka. Lakini madoido ya kukohoa yalikuwa yake mwenyewe.

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsemesha mkwe wake moja kwa moja. Alipitisha maneno kwa watu. "Mwambieni huyu chai imepoa." Kama hapakuwa na mtu, aliliambia pazia. Na huyo "huyu" ndiye aliyemwogesha, aliyembadilishia shuka, aliyemshika mgongo kifua kilipombana. Mumewe Kisirani alikuwa mtu mwema, yaani mtu wa kutoka nje mambo yakiharibika. Sauti zikipanda tu, alikumbuka tairi la gari. Tairi lile lilikaguliwa kuliko tairi lolote la mtaa ule.

Kazi ya Kisirani ilikuwa kugeuza filamu kuwa riwaya. Wanaoijua kazi hii ni wachache, na hao wachache wanaidharau. Kampuni ya filamu huleta skripti miezi kadhaa kabla filamu haijatoka. Mwandishi hujifungia nayo, akaligeuza neno kama MLIPUKO, WATU WANAKIMBIA kuwa kurasa ambazo mtu anaweza kuzisoma akisahau chungu jikoni. Kitabu huuzwa mlangoni mwa sinema. Jaladani kuna sura ya mwigizaji, na mwandishi hatajwi popote, utadhani kitabu kimejizaa. Kisirani alikuwa amegeuza filamu za majambazi, za wachumba wanaolia mvuani, na moja ya mbwa anayeendesha treni. Hakuna aliyemjua. Safari hii aliapa: jina lake liwe jaladani, au wamtafute mwingine. Kwa kuwa filamu ya safari hii ilikuwa ya dubwana, na waandishi wengine wote waliikimbia, kampuni ya vitabu ikakubali, mradi mhariri aridhike.

Na mhariri alikuwa wifi yake. Binti wa Mnyapara, mtu na heshima zake, miwani puani na ulimi wa wembe. Wawili hawa hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya harusi. Wifi alimpa kazi kwa sababu moja tu, kwamba Kisirani hakuchelewesha kitu, na hata hilo alilisema kama anamlaumu.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Dubwana linatoka ardhini, linabomoa jiji. Inajengwa roboti ya chuma, ndefu kuliko mnara wa simu, na kifuani mwake anaketi rubani, mwanamke mmoja, anayeiendesha. Wanapigana mpaka dubwana linakufa. Basi. Ila kampuni ya filamu iliweka masharti. Umbo la dubwana ni siri mpaka filamu itoke, kwa hiyo mwandishi asitaje pembe, mkia wala rangi. Na tukio lolote la skripti lisibadilishwe.

"Sasa nitaandikaje kitu nisichokijua kilivyo?" Kisirani aliuliza.

"Wengine wanaandika kuhusu mbinguni," Wifi akajibu, "na hawajafika."

Basi Kisirani akakaa kwenye meza ya jikoni, mlango wa sebuleni ukiwa wazi ili asikie akiitwa, akaanza. Kwa kuwa hakuruhusiwa kusema dubwana linafanana na nini, akasema linavyojiendesha. Lilitanguliza kisigino linapokanyaga. Halikuwatazama watu, lilitazama kando yao, kama hawapo. Lilijiweka katikati ya jiji, na jiji zima likasimama kungoja litataka nini. Na kabla ya kubomoa mtaa lilisafisha koo, polepole, kwa raha zake, na vumbi jeupe likatoka kinywani.

Hapo kikohozi kikasikika sebuleni. Kisirani akainua kichwa. Akasoma alichoandika, akajua ameandika nani.

Angeweza kuacha. Hakuacha, na tusimtetee. Aliandika kwa hamu ya mtu anayelipa kisasi cha miaka, kila chai iliyopoa, kila "mwambieni huyu", akayatia yote ndani ya dubwana. Roboti ilipolipiga ngumi ya kwanza, alijikuta anacheka peke yake. Mboga zikaungua.

Wifi aliposoma alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Huyu ni Baba."

"Nani?"

"Usinitie kidole jichoni, wifi. Dubwana! Linasafisha koo!"

"Kwani duniani anakohoa baba yako peke yake?"

"Anayekohoa, akatembea kwa kisigino, akaongea na pazia?"

"Dubwana haliongei na pazia."

"Linaongea na mnara wa saa, ni yale yale! Na huyo rubani anayemtandika ni wewe. Umemkuza kimo, umempunguza tumbo, lakini ni wewe." Wifi akavua miwani. "Sikiliza. Ama unaandika upya yote, ama kitabu kinatoka bila jina. Siwezi kuliweka jina la mke wa kaka yangu juu ya matusi ya baba yangu."

"Hulitoi jina langu."

"Mkataba unasema mhariri aridhike. Sijaridhika."

Kisirani akapandwa na hasira, na ulimi ukamponza. "Basi msomee mwenyewe! Akisema ni yeye, litoe."

Wifi akatabasamu kwa mara ya kwanza mwaka ule. "Akisema tu?"

"Akisema tu."

Jumamosi mchana Wifi akaja na mswada. Akaketi karibu na kiti cha baba yake, akaanza kusoma, na penye tusi alipaza sauti kidogo ili lisipotee. Kisirani alisimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Mumewe alikuwa ameshakwenda kutazama tairi. Mnyapara alifumba macho. Aliposikia dubwana linasafisha koo, yeye mwenyewe koo likamwasha, wote wakaona. Akalimeza. Akakaa na kikohozi chake kifuani, machozi yanamtoka, mpaka ukurasa ukaisha.

Walisoma mpaka mwisho. Mwisho ulikuwa kama skripti ilivyotaka: roboti inatoa moto mmoja kifuani, dubwana linalipuka, jiji linashangilia.

"Limekwisha?" Mnyapara akauliza.

"Limekwisha, Baba."

"Mwite."

Wifi akamwita, ingawa Kisirani alikuwa hatua chache tu. Mzee akamtazama. Hakutazama kando.

"Dubwana hili ni mimi."

"Si nilisema!" Wifi akaruka. "Amesema mwenyewe! Umesikia, wifi? Jina limetoka."

"Nyamaza kwanza." Mzee alikuwa bado anamtazama mkwe wake. "Ni mimi, au si mimi?"

Kisirani alifikiri kudanganya, akaona uvivu. "Ni wewe, Baba."

"Uliandika kwa chuki."

"Kwa chuki."

"Inaonekana. Imekaa mahali pake kabisa, sina la kuongeza." Akavuta pumzi, ikakwama, akangoja ipite. "Mpaka pale pa kufa. Pale umeandika ujinga. Umeniua kama mtu anayezima taa. Mimi nakufa hapa kila siku, na anayenishika mgongo ni wewe. Kufa unakujua. Kwa nini umeandika uongo?"

"Ndivyo filamu ilivyo, Baba."

"Filamu haijawahi kunibadilishia shuka."

Kisirani alisikia uso unamwaka. Alikuwa amejiandaa kwa matusi ya kila namna, hili hakulitarajia, na lilimuuma kuliko yote kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa ameruka kifo kwa kuwa hakutaka kukitazama.

"Nenda kaandike vizuri," Mnyapara akasema. "Polepole. Na jina likae."

"Baba!" Wifi akafoka. "Anakutukana mbele ya dunia, unamwekea jina?"

"Mtu akinitukana, nataka ajulikane ni nani."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Baba!"

"Nakijua. Ndicho kinachozifua hizo nguo."

Tusidhani wakapatana. Hawakupatana. Ila tangu siku ile Mnyapara alimsemesha mkwe wake moja kwa moja, na ikabainika kwamba kupitisha maneno kwa pazia kulikuwa nafuu.

"Umefika wapi?" aliuliza, kijiko cha uji kikiwa hewani.

"Bado hujafa, Baba."

"Usiniharakishe. Mtu mvivu huandika kwa haraka."

"Na mgonjwa mbishi humwaga uji. Fungua mdomo."

Tukio hakulibadilisha, masharti yalikuwa masharti. Roboti ilitoa moto ule ule mmoja. Lakini katika sura mpya dubwana halikulipuka pale pale. Lilikaa chini taratibu, katikati ya mtaa lililoubomoa. Pumzi zikaanza kuachana. Kila ikitoka moja, jiji lilidhani ndiyo ya mwisho, na ikaja nyingine. Rubani angeweza kuondoka, kazi yake ilikuwa imekwisha, na bado alilichukia lile dubwana. Alikaa. Kisirani aliandika mpaka hapo, akashindwa kwenda mbele. Kila sentensi aliyoweka ilikuwa ya mtu aliyesikia habari za kufa, na alijua kuna msikilizaji sebuleni atakayemgundua.

Mnyapara alikufa asubuhi, siku ya kazi, mume yuko kibaruani na Wifi yuko njiani kuja. Hakukuwa na mtu mwingine nyumbani isipokuwa Kisirani.

Hakulia msibani. Watu walinong'ona, na walikuwa na haki ya kunong'ona. Alikuwa na hasira na maiti yule kuliko alivyowahi kuwa na hasira naye akiwa hai. Amemwachia sura katikati, ameondoka. Wageni walipotawanyika akaketi kwenye meza ya jikoni, akaimalizia bila kusimama, kisha akaipeleka ofisini mwenyewe.

Wifi, bado macho yamevimba, aliisoma akiwa amesimama, kalamu mkononi, kama mtu anayetafuta ugomvi. Ukurasa wa kwanza hakugusa kitu. Wa pili pia. Wa tatu kalamu ikasimama.

"Hapa. 'Dubwana likafungua kinywa, likakifunga, likakifungua tena, kama mtu anayeomba maji.'"

"Ndiyo."

"Baba aliomba maji?"

Kisirani akatazama dirishani. "Aliomba."

"Ukampa?"

"Nilikwenda jikoni kuyachukua."

"Sikuuliza ulikwenda wapi. Ukampa?"

"Niliporudi alikuwa ameshakwenda."

"Ulichelewa."

"Nilikimbia, wifi! Kutoka kitandani mpaka jikoni, nilikimbia. Bilauri niliivunjia mlangoni."

"Kwa hiyo hakunywa."

"Hakunywa."

Wifi akakaa kitini. Alishika ule ukurasa kwa mikono miwili, akaurudia mstari ule. Kisirani alingoja aambiwe ni muuaji. Alikuwa amekwisha kujiambia mwenyewe, asingeshangaa.

"Mpe maji," Wifi akasema.

"Nimpe nani?"

"Dubwana. Andika. Mpe maji."

"Wifi, kampuni imekataza kubadili tukio. Na rubani yuko kifuani mwa roboti, huko juu, maji atayatoa wapi?"

"Sijui! Apasue bomba! Ateremke! Avunje tangi, akinge kwa mkono wa chuma, mimi sijui!" Wifi aliinuka, akagonga meza mpaka kalamu ikaanguka, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyafuta. "Kampuni niachie mimi. Wewe mpe maji, nimekwambia. Na hutoki humu ndani hujampa."

Kisirani akaiokota kalamu. Akavuta kiti cha upande wa pili wa meza ile, akaugeuza ukurasa upande wake, na wifi yake akiwa amemsimamia begani, akaanza kumteremsha rubani ngazi moja baada ya nyingine.